Kusomea Ushauri wa Waraibu: Yanayofundishwa, Yanayopimwa na Yanayowaangusha Wengi

Ndugu wahitimu wa kidato cha sita, wazazi mliowasindikiza, na ninyi wahudumu wa soba hausi, zile nyumba za upataji nafuu kwa waraibu, mliokaa nyuma karibu na mlango, habari za asubuhi.

Naanza na jina la kazi yenyewe, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Ushauri. Kwetu mshauri ni mtu mzima anayekuita pembeni akakwambia la kufanya: kungwi kwa mwari, mjomba kwa kijana aliyegombana na mkewe, shehe au padri kwa aliyepotea njia. Anayekwenda kwa mshauri hutegemea kurudi na jibu. Kijana akiingia chuo na picha hiyo kichwani, mwaka wa kwanza utampita vizuri tu maana ni wa vitabu. Mwaka wa pili akiwekwa kwenye chumba cha mazoezi, mbele ya mwenzake anayeigiza teja, ndani ya dakika mbili ameshaanza mawaidha. Anapata alama za chini na haelewi kosa lake, kwa kuwa kila alichosema kilikuwa kweli.

Mtu aliyevuta unga, yaani heroini, miaka sita hajakosa wa kumwambia aache. Ameambiwa na mama yake, na mjumbe, na polisi, na mkewe kabla hajaondoka. Tungekuwa na shida ya mawaidha peke yake, kazi hii isingehitaji shahada. Kinachosomewa ni vitu vitatu ambavyo nyumbani hakuna anayevifundisha: kusikiliza kwa kipimo, kusoma mwili wa mtu na saa yake, na kuandika kitu ambacho mwenzako wa zamu ya jioni anaweza kukifanyia kazi.

Mlango wa kuingilia nitaupita haraka. Kwa Tanzania, anayetoka kidato cha sita anahitaji angalau ufaulu wa principal katika masomo mawili, na mwenye stashahada huingia kwa wastani wa kuanzia 3.0, halafu kila programu ina masomo inayoyataka yenyewe. Yasomwe kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka unaoomba, msitegemee ule wa kaka yako. Kwa ndugu zetu wa Kenya shahada huanzia C+ kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Mwaka mmoja wa shahada kwetu ni krediti 120, na krediti moja ni saa 10 za kusoma, darasani na nje ya darasa. Miaka mitatu ni krediti 360, yaani saa 3,600. Mtu akikuahidi kazi hii ndani ya wiki mbili, pigeni hiyo hesabu mbele yake.

Sasa, shahada inayoitwa moja kwa moja ushauri wa uraibu ni adimu Afrika Mashariki. Wengi mnaowakuta kwenye kliniki za methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga, wamepitia saikolojia, ustawi wa jamii, ushauri nasaha au uuguzi, kisha wakaongeza mafunzo ya uraibu juu yake. Kwa hiyo usichague kwa jina lililoandikwa kwenye bango la chuo. Omba orodha ya masomo ya miaka yote, uangalie kama kuna somo la famakolojia ya vilevi, yaani jinsi vinavyofanya kazi mwilini, kama kuna somo la upimaji, na kama mafunzo ya vitendo yana msimamizi anayekaa na mwanafunzi au ni sahihi tu ya mwisho wa fildi. Programu isiyo na famakolojia itakutoa ukiwa na maneno mazuri na usijue ni nani anaweza kufa usiku huu.

Mafunzo ya nyongeza yanayojulikana zaidi ni ule mtaala wa kimataifa wa matibabu ulioandaliwa na Colombo Plan, shirika lenye makao Sri Lanka. Ngazi yake ya msingi ina sehemu nane: jinsi vilevi vinavyofanya kazi mwilini, mwendelezo wa matibabu, magonjwa ya akili yanayoambatana na uraibu, stadi za msingi za ushauri, upokeaji na upimaji, usimamizi wa kesi, dharura, na maadili. Ni mafunzo mazuri, na mwenye shahada ya saikolojia isiyogusa uraibu ayatafute. Lakini cheti chake hakigeuki kuwa shahada, kama ambavyo shahada ya saikolojia peke yake haikufanyi mshauri wa waraibu.

Niwapeleke kwenye somo linalowaogopesha wengi waliosoma masomo ya sanaa. Wanauliza: mimi siandiki dawa, famakolojia ya nini?

Chukua methadoni. Mteja mpya mara nyingi huanzishiwa kati ya miligramu 10 na 30 kwa siku. Methadoni inakaa mwilini muda mrefu. Kwa hesabu rahisi tuseme nusu yake hutoka kwa saa 24. Siku ya kwanza amekunywa 30. Siku ya pili asubuhi zimebaki 15, anakunywa 30 nyingine, zinakuwa 45. Siku ya tatu zimebaki 22 na nusu, ongeza 30, zimefika 52 na nusu. Siku ya nne ni 56, ya tano 58. Dozi haijapandishwa hata kidogo na mwilini dawa imekaribia maradufu. Ndiyo maana daktari hapandishi kila siku, na ndiyo maana siku chache za mwanzo zina hatari kuliko siku ya kwanza yenyewe.

Sasa mshauri anaingiaje? Siku ya pili mteja anakuja kwako, si kwa daktari, kwa sababu wewe ndiye mwenye muda. Anakwambia, "Dada, dozi haishiki, usiku mzima sijalala, waambie waniongeze." Mshauri asiyejua hesabu hii humhurumia, akaenda kumshika muuguzi koti. Anayeijua humuuliza jana alitumia nini kingine. Akisikia amemeza vidonge viwili vya diazepamu, dawa ya kutuliza, ili alale, anainuka papo hapo kumwita daktari, kwa sababu vitu hivyo viwili pamoja huzima pumzi ya mtu akiwa usingizini. Swali hilo moja ndilo famakolojia ya mshauri.

Somo hilohilo ndilo linalofundisha kutofautisha arosto, yaani maumivu ya kukosa kilevi mwili uliokizoea. Mtu wa heroini anaanza kuumwa zikipita saa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho. Miayo, machozi, kamasi, vinyweleo vinasimama, mboni za macho zinatanuka, tumbo linakata na kuhara. Kilele ni kati ya saa 36 na 72, na ndani ya wiki moja hivi mwili unatulia. Analia, anatukana, anaomba afunguliwe mlango. Inatisha kutazama, na kwa mtu mwenye afya aliyepewa maji ya kutosha ni nadra kumuua.

Mlevi wa gongo wa miaka kumi yeye amekaa kimya kwenye kona, anatetemeka vidole, jasho linamtoka. Hakuna anayemwangalia kwa kuwa hasumbui. Degedege huweza kumpata kati ya saa 6 na 48 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne huweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, mapigo ya moyo na joto vikapanda. Hapo bila hospitali huweza kufa. Nyumba nyingi za upataji nafuu zilizoea waraibu wa heroini, na mazoea hayo wakiyahamishia kwa mlevi, wakamfungia "akate" kwa siku tatu, wamemweka mahali pabaya kuliko kilabuni. Huyo hukatishwa pombe na daktari, kwa dawa, na vitamini B1 inatangulia kabla ya dripu ya glukosi. Mtihani wa mwaka wa pili hupenda kuwaweka hawa wawili chumba kimoja na kuuliza nani anapelekwa hospitali kwanza. Nusu ya darasa humchagua anayepiga kelele.

Kuna la tatu ambalo wahudumu wa nyuma mnalijua kwa macho. Mtu akikaa soba hausi miezi minne au akitoka gerezani, mwili wake umesahau unga. Akirudi kijiweni akachukua kiasi kilekile cha zamani, kinamzidi. Basi siku ya kumtoa mtu ni siku ya hatari, na chuo kizuri kitakufundisha kuandaa kutoka kwake tangu wiki aliyoingia: anakwenda kulala wapi, nani anampokea, hela yake inashikwa na nani, na kama nyumba ile kuna anayejua dalili za kuzidiwa, yaani mkoromo mzito, midomo kugeuka rangi, mboni kusinyaa kama kichwa cha pini, na anayejua kwamba ipo dawa ya kumzindua aliyezidiwa, inaitwa naloksoni, hospitalini na kila dakika ina hesabu.

Nihame kwenye mwili nije kwenye upimaji. Mtakutana na dodoso la Shirika la Afya Duniani la pombe, linaitwa AUDIT. Maswali 10, alama kuanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji una hatari, kuanzia 16 una madhara, kuanzia 20 mtu apelekwe kwa uchunguzi kamili wa utegemezi. Linaonekana jepesi, darasani hujazwa kwa dakika tatu, na fildini karibu kila mwanafunzi hulikosea kwenye swali la pili.

Swali hilo linauliza siku unayokunywa unakunywa vipimo vingapi. Kipimo kimoja ni gramu 10 za kilevi halisi. Mteja anasema, "Chupa tano." Mwanafunzi anatia tiki kwenye "vitano au sita", anaandika alama 2. Hajakaa akapiga hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Zidisha kwa 0.79 upate gramu, zinakaribia 20. Chupa moja ni vipimo viwili. Chupa tano ni vipimo 10, na alama yake ni 4. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 ni vipimo vitano na nusu. Gongo je? Hapo hakuna asilimia iliyoandikwa, wala kikombe cha mama muuza hakilingani na cha jirani yake. Dawa ni kwenda na picha au vyombo vyenyewe mezani, mteja akuoneshe kwa kidole, nawe uandike kwamba umekadiria. Kosa la alama mbili kwenye swali moja linaweza kumtoa mtu kundi la hatari na kumrudisha nyumbani akiwa amepongezwa.

Kwa dawa nyingine mtasoma vigezo 11 vya mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013. Mtu akikutwa na vigezo viwili au vitatu ndani ya miezi 12, tatizo ni jepesi. Vinne au vitano ni la wastani. Sita na kuendelea ni kali. Mjue pia kipengele kimoja ambacho mtaani hakijafika: anayetumia dawa kama alivyoandikiwa na chini ya uangalizi, mwili kuizoea na kuumwa akiikosa havihesabiwi kuwa dalili za uraibu wa dawa hiyo. Kwa hiyo yule jirani anayesema mteja wa methadoni "amehama tu unga" anazungumzia mazoea ya mwili, nasi tunapima maisha yote. Sikio la kufa halisikii dawa, tunasema. Tangu Februari 2011, pale Muhimbili, watu waliokuwa wakitupiwa methali hiyo wamekuwa wakipanga foleni asubuhi na kuinywa dawa mbele ya muuguzi. Kenya nao walianza mwishoni mwa 2014, Mathari.

Vipimo vya mkojo vinaeleza mengi na kudanganya kidogo. Heroini huonekana siku mbili tatu tu. Bangi kwa mvutaji wa kila siku huweza kuonekana mwezi mzima, hivyo kipimo kikisema ipo hakimaanishi amevuta juzi. Dawa ya kikohozi yenye kodeini, ambayo ni ya jamii ya afyuni kama heroini, huweza kumfanya asiye na hatia aonekane ametumia. Na kipimo cha kawaida cha afyuni hakioni methadoni wala tramadoli, ile dawa ya maumivu. Ukisema "kipimo kimesafisha" bila kujua kilikuwa kinatafuta nini, umesema neno tupu.

Sasa kusikiliza, na hapa nitakaa kidogo.

Masomo yatakuwa kwa Kiingereza. Mteja atazungumza Kiswahili, tena cha kijiweni. Anayefika fildi bila kuyahamisha maneno yake huuliza, "Unajisikiaje?" Anajibiwa, "Poa tu." Anaandika: mteja yupo sawa. Lakini sisi salamu hatujibu kwa ubaya. Mtu ana msiba nyumbani na bado ukimwuliza habari atasema njema, kisha ndiyo akueleze kuna msiba. Swali la hisia likikaa mahali pa salamu hujibiwa kama salamu. Basi maliza salamu kwanza, na kama mteja amekuzidi umri mwamkie, hata kama ana siku tatu hajaoga. Shikamoo yako ndiyo heshima ya kwanza aliyoipata wiki hiyo. Halafu uliza kitu chenye idadi: usiku uliamka mara ngapi, jana ulikula saa ngapi, hela ya mwisho uliishika lini. Hapo poa haitoshi kuwa jibu. Weka daftari dogo la maneno yao, uyaandike kama wanavyoyasema, maana arosto ya Tanga na ya Mombasa si lazima zitamkwe sawa, na anayesema kete huku pengine kule anasema neno jingine.

Namna ya kuzungumza inayofundishwa zaidi inatokana na makala ya mwanasaikolojia William Miller ya mwaka 1983 na kitabu alichoandika na Stephen Rollnick mwaka 1991. Wazo lake ni kwamba mtu husadiki zaidi sababu anayoitamka mwenyewe. Itazameni ikifanya kazi.

Mteja anasema: "Kuacha mimi naacha tu, nikipata kazi."

Mwanafunzi wa mawaidha: "Kazi nani atakupa ukiwa hivi? Acha kwanza, kazi itakuja."

Mteja: "Haya, dokta."

Mkisikia hiyo "haya", mjue mlango umefungwa. Kwa Kiswahili haya ni neno la kumaliza mazungumzo kwa adabu. Wiki ijayo hamtamwona.

Mwingine angejibu: "Kwa hiyo kazi unaiona ndiyo ingekutoa."

"Ndiyo. Mimi fundi rangi. Nilikuwa napaka nyumba, mstari wa dirisha siwekei karatasi ya gundi, mkono mtupu."

"Mkono mtupu."

"Sasa hivi siwezi kushika brashi mpaka nipate ya asubuhi."

Hakuulizwa swali hata moja, na ametamka mwenyewe alichopoteza. Yule mshauri hajaruka kusema "unaona sasa?" Ameacha sekunde chache zipite. Darasani jambo hili linahesabiwa kabisa: mnarekodi dakika 20, mnasikiliza, mnaweka alama kila mlipouliza na kila mliporudisha maneno ya mteja. Lengo zuri ni kurudisha mara mbili kwa kila swali moja. Rekodi ya kwanza ya mwanafunzi wa kawaida ni maswali mfululizo kama karani wa sensa. Msikate tamaa, ya tano hubadilika. Na ukimya wa sekunde kumi, ambao mwanzoni unaonekana kama mwaka mzima, mtauzoea.

Mtakapofika kwenye kurudi nyuma, yaani mtu aliyeacha kutumia tena, mtasoma kazi ya mwanasaikolojia Alan Marlatt, na wazo lake la msingi tunalo sisi kwa maneno mawili tofauti: kuteleza si kuanguka. Mtu aliyetumia mara moja baada ya miezi miwili, akijiona ameshaharibu yote, hutumia na ya pili na ya kumi. Kazi yako ni kukaa naye kwenye saa zile za kabla: alikuwa wapi, na nani, ana nini mfukoni. Mara nyingi mtagundua maamuzi madogo matatu manne yaliyotangulia, na la kwanza lilikuwa halina uhusiano na unga kabisa.

Kuandika. Hapa ndipo msimamizi wa fildi anapowachuja. Faili moja la mwanafunzi linasema: "Mteja ameelimishwa kuhusu madhara ya dawa za kulevya. Yupo tayari kubadilika." Sentensi hizo unaweza kuzibandika kwenye faili la mtu yeyote nchini. Faili jingine linasema: "Amesema ametumia kete mbili jana saa 4 usiku baada ya siku 11 bila kutumia. Alikuwa amelipwa kibarua, akapita maskani peke yake. Anaongea kwa mpangilio, hana dalili za arosto. Ameulizwa kuhusu kujiua, amekana. Kichocheo ni hela mkononi jioni bila mtu. Ameelezwa hatari ya kuzidiwa kwa kuwa mwili umepoa. Tumekubaliana Ijumaa dada yake ampokee kazini saa 11 jioni. Anarudi Jumamosi saa 3 asubuhi." Kwanza alichosema, kisha ulichokiona, kisha unavyokipima, kisha mtakachofanya. Muuguzi wa zamu akilisoma anajua la kufanya mteja akitokea usiku. Andika siku hiyohiyo. Kesho yake utaandika unachodhani kilisemwa.

Maadili mtayasoma kama orodha, na mtihani wake hufaulika. Yatawashika mitaani. Siri ya mteja ina mipaka inayojulikana: akiwa anataka kujidhuru, akiwa anataka kumdhuru mtu, mtoto akiwa anateswa, au mahakama ikiamuru. Mpaka huo mwambie mteja siku ya kwanza, kabla hajakumwagia yake. Mama yake si miongoni mwa hiyo mipaka. Naye atakusubiri getini, pengine ni jirani yenu, amekushika mkono: "Mwanangu, niambie ukweli tu, bado anatumia?" Hutamwambia ndiyo, hutamwambia hapana, na wala hutamkimbia, maana kumkimbia mtu mzima nako ni jibu. "Mama, ya kwake ameniachia mimi, siwezi kuyatoa. Ila Alhamisi tuna kikao cha familia. Akikubali tutakaa wote watatu. Wewe mwenyewe unalala?" Swali la mwisho ni la lazima. Mama huyo pia ni mgonjwa wako kwa namna fulani, na kwa kawaida hajaulizwa hilo miaka mingi.

Kukopesha mteja nauli, kupokea samaki wake, kumpa namba yako ya simu ya nyumbani: kila kimoja kinaonekana utu. Samaki unaweza kumpokea hadharani, mkaandika, mkala kituo kizima. Nauli ikitoka mfukoni kwako, mara ya tatu usipokuwa nayo umekuwa mdeni wake. Kituo kiwe na mfuko wa nauli na daftari lake.

Nigeukie wahudumu wa nyuma, mlioacha wenyewe na sasa mnataka kusoma. Mna kitu ambacho mwanafunzi wa kidato cha sita hatakipata kwa saa 3,600: mteja hawezi kuwadanganya kwa urahisi, wala hamumwogopi. Kwenye kliniki ya methadoni daktari, muuguzi, mfamasia na afisa ustawi wa jamii wanawategemea watoa huduma rika kwa sababu hiyo. Tatizo linalowaangusha chuoni ni kutumia njia iliyowaokoa ninyi kama kipimo cha wote. Aliyeacha kwa hatua 12 za vikundi vya kusaidiana humdharau wa methadoni. Aliyepona kwa dini humwona asiyesali kuwa hajawa tayari. Swali la kujiuliza kabla hujasema "hata mimi nilikuwa hivyo" ni moja: maneno haya yanamsaidia nani sasa hivi? Na kama uliishia kidato cha nne, njia ya astashahada na stashahada ipo; ni ndefu, inafika.

Utafiti wa mwaka wa mwisho niuseme kwa ufupi. Msijitie kuhoji mateja wa maskani mkiwa mmebakiza miezi mitatu. Kibali cha maadili huchukua muda, anayehojiwa lazima aweze kuridhia akiwa na akili timamu, na watu 30 wa soba hausi moja hawawezi kuitwa "waraibu wa Dar es Salaam". Mada ndogo inayomalizika: kwa mfano, katika kliniki moja, waliokosa dozi siku tatu mfululizo walitoa sababu gani, na sababu hizo ziliandikwa kwenye faili ngapi.

Na ajira: matangazo mengi ya serikali hutoka kwa jina la afisa ustawi wa jamii au saikolojia, hivyo angalieni shahada yenu inaangukia kada gani kabla ya kujisajili, si baada ya kuvaa joho. Kenya wana sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo anayetaka kufanya kazi kule aulize kuhusu usajili mapema.

Fomu za kuomba zipo meza ya kushoto. Kabla hujachukua, jaribu hili leo jioni. Kaa na mtu mmoja wa nyumbani dakika kumi, mwulize siku yake imekwendaje, usitoe shauri hata moja, wala usisimulie ya kwako. Kisha nenda pembeni uandike sentensi tano: mbili za alichosema kwa maneno yake, mbili za ulichokiona, moja ya utakachomwuliza kesho. Ukishindwa dakika ya tatu, karibu. Wengi hushindwa hapo. Maswali tuanze na wale wa nyuma.